Kompyuta Yangu ya Maji

Jumatatu, 7 Oktoba

Imezima tena! Video ilikuwa imefika katikati, mara kioo cheusi, kimya. Nimeligusa boksi la kompyuta. Lina moto wa kukaangia karanga. Oktoba ya Tabora haina huruma hata na binadamu, sembuse kompyuta ya mtumba.

Video ya kwaya inatakiwa Jumapili hii, siku ya jubilei ya kanisa letu. Niliirekodi Pasaka. Tangu hapo nawaambia iko tayari, bado kuremba tu. Ukweli, nimeianza wiki iliyopita. Na mwezi Juni baba mkwe wangu, Mzee Gerson, akafariki. Kwenye video hiyo ndiye anayeimba besi peke yake ubeti wa mwisho. Sauti yake haipo mahali pengine popote duniani. Mama mkwe anakuja kwa treni kutoka Usinge ili aisikie. Tangu msiba hajaomba kitu kingine.

Kadi ya kamera? Nilishaifuta, nikarekodia harusi ya Nzega. Hilo halijui mtu, hata Stela mke wangu. Shajara, funga mdomo.

Elieza wa ng'ambo ya barabara amekuja na soda yake baridi mkononi. Ana duka la picha kama langu, ila lake lina kiyoyozi na mlango wa kioo. Amesema nimpelekee diski amalizie kwake, bure, jirani ni jirani. Bure! Nimeshtuka. Mtu anayesema bure ana lake jambo. Nimemjibu kazi iliisha zamani.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata! Maji! Mtandaoni nimeona kijana mmoja kompyuta yake inapozwa kwa maji, kama gari. Yake ina mpaka taa za buluu. Taa nitaweka baadaye.

Awadhi, fundi wa gereji, amenipa rejeta ndogo ya pikipiki iliyopata ajali na pampu ya kurushia maji kwenye kioo cha gari. Ameuliza ni za gari gani. Nimesema ni za kompyuta. Ameketi chini kwanza. Mipira nimenunua ile ya petroli ya pikipiki, unayaona maji yakipita. Fundi friji amenichomelea kijisanduku cha shaba kikae juu ya prosesa, pale penye joto lenyewe.

Tatizo moja. Rejeta haiingii kwenye boksi. Nimeazima grainda. Nimekata ubavu, nimekata juu, nimetoboa matundu ya mipira. Cheche zikarukia pazia. Pazia la Stela, alilopewa na mama yake! Nimelizima kwa maji yaliyokuwa ya kompyuta. Stela hakugomba. Kwa sauti ya chini kabisa amesema Elieza angekuwa ameshamaliza. Mke wangu akishusha sauti ndipo mimi huogopa.

Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumatano, 9 Oktoba

Inavuja. Kila kiungo! Nimekimbilia dukani kutafuta silikoni. Limefungwa, mwenye duka yuko msibani Urambo.

Nikakaa kitako nikawaza. Mimi mtoto wa nani? Wa mrina asali! Marehemu baba aliziba nyufa za mzinga kwa nta, mvua isipenye. Na kabla ya kuupandisha mtini aliusugua nta ndani mpaka unukie, nyuki wausikie wenyewe waje. Mji huu umejaa nta, na watu tunahangaika na silikoni! Loh, akili za wazee.

Nimenunua bonge sokoni. Nimeliyeyusha kwenye sufuria ya Stela ya wali (hajui). Nimepaka kila kiungo. Haivuji! Nimewasha. Maji yanazunguka, joto linashuka, nalitazama kwa macho yangu linashuka! Nimepiga magoti sakafuni kabisa. Mteja aliyeingia kutaka fotokopi akasubiri nimalize sala.

Halafu umeme ukakatika. Hilo si kosa langu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Umeme umerudi asubuhi. Raha haikudumu. Maji yamepata joto, nta ikalegea, tone likaning'inia juu kabisa ya saketi. Nimeruka kuchomoa waya, nimejigonga meza, nimeanguka na meza. Tone likaangukia kichwani kwangu. Asante Mungu.

Nimemwaga maji yote. Nimefikiri kifundi. Ugonjwa ni nini? Nta kidogo. Dawa ni nini? Nta nyingi. Nimepaka viungo, nimepaka matundu, nimepaka boksi zima ndani na nje. Duka linanukia vizuri ajabu. Boksi nimeliweka dirishani, dirisha wazi, nta igande kwa upepo.

Nyuki kadhaa wamekuja. Wanaingia kwenye boksi, wanatoka, wanazunguka, wanaingia tena, wanaondoka. Nimewafukuza kwa gazeti. Kiangazi hiki, maskini, wana kiu.

Ijumaa, 11 Oktoba

MUNGU WANGU!

Naandika kwa mkono wa kushoto, niko banda la kuku. Asubuhi nimefungua duka nikasikia mngurumo. Nikafurahi, pampu inafanya kazi. Kisha nikakumbuka waya nimeuchomoa. Nikainama kuchungulia.

Kundi zima! Limejaa ndani ya boksi, na wengine bado wanamiminika dirishani! Mmoja kanichoma mdomo wa juu, wengine mkono wa kulia, na mmoja mahali ambapo hata wewe shajara huna haja ya kupajua. Mteja wa picha za pasipoti amekimbia na kitambaa changu cha buluu mabegani. Mtaa wote umekimbia. Elieza kafunga mlango wake wa kioo, kisha akaufungua kidogo akinipungia mkono nikimbilie kwake. Nikimbilie kwa Elieza? Nina heshima zangu. Nikakimbilia kwa kuku.

Sasa najiuliza. Mji wote huu, kwa nini nyuki waje kwangu? Nani kawatuma? Nina jina moja kichwani, na mwenye jina ana kiyoyozi.

Jioni nimetoka bandani, mama mkwe amefika. Nimesimama mbali kwa adabu, nikamwamkia. Kwa mdomo huu shikamoo ikatoka kitu kingine kabisa. Ameitika marahaba vivyo hivyo. Akauliza sauti ya mzee iko wapi. Nimesema iko ndani ya boksi, salama. Ni kweli tupu! Akafumba macho, akasema akishaisikia labda usingizi utarudi.

Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 12 Oktoba

Yamefichuka. Stela alikwenda dukani kutafuta sufuria yake. Amerudi mbio bila viatu. Nikaanza kumweleza habari za Elieza na ushirikina. Mama mkwe akataka kwenda kuona mwenyewe.

Alisimama mlangoni, akanusa. Akatazama matundu. Akatazama nta. Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu Fikiri, mzinga huu umeutengeneza wewe?” Nimemjibu hapana mayu (ndivyo tunavyomwita mama huku), hiyo ni kompyuta. Akasema ni mzinga mzuri, ila yeye angeutundika mtini.

Stela akasema basi tuchukue video kwenye kadi ya kamera.

Nikajifanya nakohoa.

Nikasema nilishaifuta. Ningefanyaje? Stela hakupiga kelele. Alimshika mama yake mkono, wote wawili wakanitazama. Nilitamani kurudi kwa nyuki.

Mama mkwe alijifunga khanga kichwani, akawasha mavi makavu ya ng'ombe kwenye kopo, akaingia na moshi wake. Nilimsikia akiwasemesha nyuki kwa Kinyamwezi, taratibu, anawaomba radhi. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha naongoza kazi: si rejeta, mayu, diski ni kile kibati bapa! Akatoka nacho kimejaa nta, nyuki mmoja bado amekikumbatia. Nikanyoosha mkono nipokee.

Akanipita! Akavuka barabara, akampa Elieza. Mchana kweupe, watu wanaona!

Jumapili, 13 Oktoba

Video imeonyeshwa kwenye ukuta wa kanisa. Elieza alikesha nayo.

Ulipofika ubeti wa mwisho Mzee Gerson akafungua kinywa. Sikuwa nimejiandaa. Mama mkwe alisimama peke yake kule mbele, akaimba naye, yeye sauti ya pili, mumewe besi, mpaka mwisho. Nimelia. Naandika wazi, nimelia mpaka mdomo uliovimba ukauma upya.

Kisha yakatokea maandishi: Imetayarishwa na Elieza. Nini? Nani alirekodi? Nani alikata boksi? Machozi yalikauka papo hapo. Nje mama mkwe kamshika Elieza kwa mikono yote miwili, akamwita mwanangu. Mimi kanigusa bega, akasema mzinga ataondoka nao Ijumaa, na nyuki wake.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimejitafakari sana. Kosa nimeliona, na mwanamume hukiri kosa: nta ilikuwa kidogo. Leo nimenunua mabonge mawili.

Elieza amenipa kompyuta yake ya zamani, bure. Bure tena! Huyu mtu simwelewi. Kompyuta yenyewe haipati joto hata kidogo. Lakini rejeta ninayo, mama mkwe aliitoa alipoutundika mzinga mtini, niitupe? Kompyuta nimeikata ubavu asubuhi.

Pia amenipa fleshi yenye sauti ya mzee, nimfikishie mama mkwe. Nimeifungua kuangalia. Jina la Elieza bado lipo! Haiwezekani. Nimehamishia video kwenye kompyuta niondoe jina lake, niweke langu, na mwangwi kidogo. Fleshi nimeifuta, watu wa Nzega wanataka harusi yao. Nimempigia Elieza kumwambia nakala iliyobaki kwake aifute tu, isimjazie nafasi. Amecheka tu. Wivu huo.

Boksi la kompyuta hii nimelipaka nta ndani na nje, linanukia mpaka barabarani. Liko dirishani, nta igande.

Nyuki watatu wamekuja, wanaingia na kutoka. Kiangazi hiki, maskini. Leo sikuwafukuza. Nimewawekea kisosi cha maji.