Malalamiko Juu ya Insulini, Dawa Isiyoheshimu Mwenye Duka

Yamumbi, Eldoret
Juni 1951

Kwa Bwana Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mtu mwembamba aliyedharauliwa. Mimi ni Wilson Kipyego, mwenye duka hapa Yamumbi, nje kidogo ya mji. Nauza chumvi, sabuni, blanketi, mafuta ya taa na ugoro, na hakuna mteja aliyewahi kufa kwa bidhaa zangu. Naandika kulalamika juu ya hospitali, juu ya nesi mmoja aitwaye Nangila, juu ya dada yangu mwenyewe, na juu ya dawa iitwayo insulini, ambayo kiburi chake kinawazidi hao wote.

Usije ukadhani nimerukwa na akili, naanza mwanzo. Dada yangu mkubwa, Esther Jepkosgei, mwalimu wa shule ya misheni, ana ugonjwa wa sukari. Anaishi nasi nyuma ya duka. Mwaka jana alikonda akabaki mifupa, anakunywa maji kama ng'ombe aliyeswagwa kutoka mbali, mpaka daktari akampa insulini ya kujidunga kila siku. Akanenepa, Bwana Mhariri! Mashavu yakarudi, magauni yakambana. Mimi nina jicho la biashara. Niliona.

Wakati huo wafanyabiashara wenzangu walikuwa wanatafuta mwenyekiti wa chama chetu. Mpinzani wangu alikuwa Shitanda, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mtu ambaye tumbo lake huingia mlangoni kwanza, yeye akafuata baadaye. Mimi mkanda hunizunguka karibu mara mbili. Watu wakasema waziwazi, "Ameshindwa kujilisha mwenyewe, chama atakilisha nini?" Nikaamua kupata tumbo kabla ya uchaguzi. Hayo tu ndiyo makosa yangu. Yaliyofuata ni ya wengine.

Lalamiko la kwanza. Nilikwenda hospitali nimevaa koti, nikaomba chupa moja ya insulini kwa adabu. Nesi Nangila akaniuliza kama nimepimwa mkojo. Nikamwambia sikuja kupimwa, nimekuja kununua. "Hii si unga, Mzee," akasema, na nywele zangu zote bado ni nyeusi! Kisha, mbele ya foleni nzima, akanifundisha nisichouliza: kwamba insulini hutengenezwa na mwili wenyewe, katika kiungo kiitwacho kongosho, nyuma ya tumbo, kwamba aliyepungukiwa huongezewa ile iliyotolewa kwa ng'ombe na nguruwe ikasafishwa huko Ulaya, kwamba kila mgonjwa ana kipimo chake, na kile kinachomponya dada yangu kinaweza kuniua mimi, kwa kuwa ninayo yangu ya kutosha. Nauliza: tangu lini kitu kizuri kikazidi? Nikiwa na shati moja, nani amewahi kunikataza la pili?

Lalamiko la pili. Kwa kuwa nilinyimwa, nikaazima ya dada yangu alipokuwa shuleni. Chupa hiyo, usishangae, hulala ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, kwenye kona isiyopigwa jua, ilhali mimi mwenye nyumba nalala chini ya bati linalochoma. Nikachota kwa bomba la sindano kama nilivyomwona yeye akifanya, nikaitia katika chai, nikanywa. Nikafanya hivyo siku kadhaa. Mkanda haukusogea hata tundu moja. Baadaye nimeambiwa kwamba insulini ikifika tumboni humeng'enywa kama nyama yoyote, haifiki kwenye damu. Dawa gani hiyo inayoshindwa na tumbo? Hata dengu hupigana kidogo!

Lalamiko la tatu ni zito zaidi, kwa maana lilitokea kanisani. Jumapili ile palikuwa na karamu ya harusi baada ya ibada. Nikaacha uji wa asubuhi ili nisiharibu nafasi, safari hii nikajidunga kipimo cha Esther, nikaongeza kidogo kwa sababu mimi ni mwanamume. Mahubiri hayajafika mbali, jasho likaanza kunitoka kama niko shambani. Mikono ikatetemeka. Njaa ikanishika ambayo sijawahi kuiona, halafu maneno yakaanza kunipotea. Naambiwa nilisimama nikamwuliza mhubiri bei ya mimbari. Mimi sikumbuki. Kisha nikaanguka kati ya viti, na akina mama wakaanza kuimba wakidhani nimeshukiwa na Roho.

Esther peke yake hakuimba. Alipanda juu ya watu mpaka akanifikia. Yeye hutembea na sukari imefungwa katika leso, siku zote, hata akienda mtoni. Akanitia sukari ndani ya shavu, akanishika kidevu. "Meza, Kipyego," akaniambia. "Polepole. Niangalie mimi. Usiangalie watu." Nikapewa chai tamu na mkate, mbele ya Shitanda, kama ndama aliyefiwa na mama. Utasema nesi alinionya. Kweli, lakini alinionya kwa sauti ya kawaida! Jambo la kuua mtu, kwa nini lisemwe kwa sauti ya kawaida?

Lalamiko la nne. Nilipoanza kuazima niliona chupa inapungua. Mimi si mwizi. Niliikuta imejaa, nikataka kuiacha imejaa. Basi kila nilipochota, nilirudisha maji safi ya kuchemsha kupitia kile kifuniko cha mpira. Mtu mwenye dhamira mbaya angetumia maji ya mto.

Huko kanisani Esther aliniuliza nilijidunga nini, nikamwambia ni vitamini za mchuuzi mmoja wa mjini. Hakuniamini, lakini alikuwa amechoka, akaniacha. Akaendelea kujidunga kutoka katika chupa yake, kwa kipimo kilekile, bila kukosa. Kiu ikarudi. Akaanza kutapika. Akaacha kwenda shule, yeye aliyefundisha hata akiwa na malaria. Nilipoinama kumsalimu, pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na alinitazama kama mtu anayetafuta jina langu. "Dawa nimedunga," alikuwa akisema. "Nimedunga. Sijakosa." Na ni kweli, hakukosa.

Hapa ndipo hasira yangu inapofika kileleni, Bwana Mhariri. Kwa nini insulini ifanane na maji? Huko kiwandani hawana rangi?

Lori la karibu lilikuwa la Shitanda. Nilimwomba. Hakuniuliza neno, aliteremsha magunia ya watu barabarani akawasha. Nilikaa nyuma nimempakata Esther, barabara yote ni mashimo, nami nikimwita, naye akiitika kwa mbali, halafu asiitike. Pale hospitali Nangila akauliza, "Amedungwa nini?" Nikamweleza habari za mashimo ya barabarani. Akauliza tena, na mkono wake tayari uko kwenye mlango wa daktari. Nikasema, "Maji." Hakunikemea. Alikimbia tu. Kutokukemewa huko nimekuhesabu kuwa tusi.

Amepona. Alipofungua macho aliuliza ni nani anafundisha darasa lake. Kisha akasema, "Kipyego, si ungeniuliza?" Nikamwambia sikuuliza kwa sababu ningejibiwa.

Sasa sijui niko lalamiko la ngapi, lakini liko jingine. Tangu arudi, Esther anaweka chupa yake kwa mwalimu mwenzake, na kila asubuhi anapita kwenye baridi kwenda kujidunga huko. Akitoka katika nyumba yangu! Majirani wanaona. Uchaguzi nao nilishindwa, na Shitanda katika hotuba yake hakunitaja hata kwa ubaya.

Basi naomba gazeti lako liidai serikali mambo haya. Insulini iuzwe madukani kama bidhaa nyingine, kwa yeyote mwenye hamu nayo, na duka langu liwe la kwanza kupewa. Itiwe rangi nyekundu. Ifanyiwe ujuzi ili inyweke na chai. Manesi wakatazwe kuuliza kama mtu amepimwa mkojo, jambo ambalo ni siri ya nyumba. Na kipimo kiwe kimoja kwa watu wote, kwa kuwa sisi sote ni watoto wa Mungu mmoja.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa na wafagiaji, na mama wa watoto wako. Huku mvua ni nzuri na mahindi yamefika magotini.

Wako katika kudhulumiwa,
Wilson Kipyego

N.B. Nilikuwa nimeshaibandika bahasha, nikaifungua tena. Leo alikuja mama mmoja kutoka Kaptagat, Mama Jepkemboi. Binti yake anaolewa, na ni mwembamba. Amesikia sokoni kwamba iko sindano inayonenepesha, na kwamba Kipyego wa Yamumbi anaijua. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nikamwambia hapa hakuna. Hakukubali kuondoka. Nikafunga duka, nikamkalisha juu ya gunia la chumvi, nikamsimulia yaliyompata dada yangu kwa mkono wangu. Alilia, na mimi pia. Kisha akarudi kwao mikono mitupu, na alinishukuru.

Kama utapata nafasi gazetini, usichapishe barua hii. Chapisha niliyomwambia yule mama. Sikumwambia kama nilivyokuambia wewe.