Nilivyotangaza Kifo cha Filamu ya Kola

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa habari na watu wa Kola: leo nimeaibika. Tena nimeaibika kupitia spika sita.

Mnajua kazi yangu. Mimi ni fundi wa projekta, zile za zamani za kuzungusha utepe. (Ndiyo, bado zipo. Ndiyo, najua kuna simu.) Basi Bwana Mutiso, mwenyekiti wa kanisa kule Kola, alipata nakala ya filamu iliyopigwa kwao zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Nakala yenyewe ni hiyo moja tu. Ndani yake kuna marehemu mume wa Susu Kalondu, nyanya tunayemheshimu sote. Susu hajasikia sauti ya mzee wake tangu amzike.

Asubuhi nikafunga mashine ukumbini. Nikaletewa chai na mandazi, nikala huku nikifanya kazi, maana mimi ni mtu wa shughuli. Saa nane mchana watu wakajaa.

Filamu ikaanza vizuri. Ng'ombe wakalia mpaka mtu wa mbele akageuka kuangalia nyuma. Halafu ghafla, sauti ikanywea! Ikawa kama redio iliyofungiwa ndani ya debe. Ikarudi. Ikanywea tena, safari hii mzee wa Susu alipofungua mdomo tu, ikarudi mzee ameshamaliza kusema.

Niwaeleze kidogo. Sauti ya dijitali kwenye utepe huchapishwa kama vimraba vya nukta ndogo mno, katikati ya yale matundu ya pembeni. Mashine huvisoma kwa taa na lenzi. Ikishindwa, inarukia sauti ya kizamani iliyo kando. Sasa utajuaje kama ubovu uko kwenye utepe au kwenye mashine? Unarudia kipande kilekile. Sauti ikikatika palepale, utepe ni mbovu. Ikikatika kwingine, laumu mashine.

Je, nilirudia? Thubutu! Miaka kumi na tano kwenye kazi, nirudie nini?

Nikasimamisha filamu, nikabandika maiki kifuani, nikainua utepe kwenye taa na kuuchungulia kwa kioo cha kukuza. Nikahutubia.

"Ndugu zangu, vimraba vimeharibika. Waliochapisha nakala hii walilipua kazi. Mashine yangu haina shida. Kwa upande wa sauti, filamu hii imekufa."

Imekufa! Mbele ya mjane! (Hakuna mtu aliyenilazimisha kutumia neno hilo.)

Bwana Mutiso akavua kofia. "Hakuna njia, fundi?"

"Hakuna."

Susu Kalondu akasimama, akaniita kwa jina la mama yangu. "Wewe mtoto wa Nduku. Mzee wangu alikuwa anasema kitu, ukamkata. Rudisha."

"Susu, nimeeleza. Itakatika palepale."

"Umejaribu?"

"Sijajaribu, lakini..."

"Rudisha, mwanangu."

Nikarudisha, uso nimeukunja. Nikasimama kando nikingoja sauti ikatike nipate haki yangu. (Ndiyo, niliomba filamu iharibike. Mungu ananijua.) Haikukatika. Mzee akatokea na ng'ombe wake, akasahau kabisa kwamba anapigwa picha, akaita kwa sauti nzima: "Kalondu! Chai iko wapi?"

Na Susu, kutoka kiti cha mbele: "Si nilikuwa naleta!"

Ukumbi ulicheka, kisha ukalia, kisha ukacheka tena. Hata mimi macho yalilowa. Halafu sauti ikakatika. Mbele kidogo, mahali ambapo mwanzo palikuwa pazuri kabisa.

Mashine.

Nikainama, nikafungua kisomaji cha vile vimraba. Katikati ya lenzi kulikuwa na alama ya kidole gumba, yenye mafuta ya mandazi, safi kama ya kitambulisho. Nikajisemea polepole: "Ngai! Ni kidole changu. Na vile nimewatukana watu wa watu!"

Polepole, kwangu. Lakini maiki bado ilikuwa kifuani.

Sitaelezea kicheko. Kuna mama alishuka chini ya benchi. Bwana Mutiso akavaa kofia yake akauliza, "Kwa hivyo, fundi, marehemu amefufuka?"

Nikapangusa lenzi kwa spiriti, filamu ikaenda hadi mwisho bila kukohoa. Kipande cha chai tulikirudia mara tatu, kwa amri ya Susu.

Sasa mnisikilize vizuri. Nimemwomba Susu msamaha, na waliochapisha ile nakala pia, popote walipo. Wengine hamna chenu. Nitajieni mtu mwingine Machakos nzima anayeweza kusoma vile vimraba. Nangoja. Mnaona?

Anayetaka kucheka acheke. Lakini projekta yake ikikwama, aipigie magoti. Asinipigie mimi.