Maneno ya Mwisho ya Salvator Yarudishwe

Greyville, Durban
9 Juni 2025

Kwa Mkuu wa Mawasiliano,
Ofisi ya Rais wa Ufaransa, Paris

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na kamera zako. Mimi ni Goreth, Mrundi, mjane wa Salvator aliyekuwa akipakia malori kule Clairwood. Nakuandikia kulalamika kwamba ofisi yako imeniharibia matanga.

1. Rais wenu hupenda kuhutubia saa mbili usiku, sisi tukiwa mezani. Salvator alikuwa akisimama na kijiko mkononi, anaijibu televisheni: "Mheshimiwa, hapo umeruka swali." Nilimwambia huenda wanaoruhusiwa kuuliza huchaguliwa mapema. Akasema basi atangoja zamu yake. Alifariki mwezi wa tatu, bado anangoja.

2. Jirani yetu Honoré, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, alikuwa akija kutazama naye. Salvator alitazama kwa kubishana, Honoré kwa kujifunza. Siku hizi hatuna mkutano. Mwenyekiti hutuma sauti yake WhatsApp, na kundi amelifunga, hakuna awezaye kujibu. Mwenye swali amwandikie kabla, naye atachagua. Mpaka sasa amechagua yale yanayoanza kwa kumshukuru.

3. Hili ndilo linaloniuma. Jumamosi tunaondoa matanga, maana ya Kirundi huchukua miezi. Kwetu siku hiyo kila aliyemjua marehemu husimama akamsema alivyokuwa, mpaka ya kuchekesha, ndipo mjane naye aweze kucheka tena. Sasa Honoré amesikia kwamba magazeti ya kwenu humrudishia kiongozi mahojiano ayasahihishe kabla hayajachapwa. Ameagiza nasi tumpelekee maneno yetu. Yangu yamerudi. Maneno ya mwisho ya Salvator, pale hospitalini, yalikuwa: "Goreth, nenda ukaanue nguo, mvua inakuja." Honoré ameandika: "Dumisheni umoja chini ya mwenyekiti wenu." Nilipomuuliza, akanijibu kwa upole, "Mama Ciza, hata Rais wa Ufaransa hupitiwa kalamu, sembuse marehemu?"

Na mvua ilinyesha kweli, Mheshimiwa. Nilianua.

4. Kwa hiyo naomba mambo madogo. Mwandikieni Honoré, kwa Kifaransa kizito, arudishe nguo na mvua. Ikishindikana, Rais aje mwenyewe Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, asimame bila karatasi, aulizwe na yeyote, hata watoto. Swali la Salvator ninalo, nitaliuliza kwa niaba yake. Na kama kweli mnaweza kusahihisha jambo likishasemwa, basi sahihisheni alichoniambia daktari. Hapo nitawasifu hata mimi.

Wasalimie waandishi wa habari wote, hasa wale wa viti vya nyuma ambao mikono yao imechoka kuinuliwa. Mwanangu Ciza anakusalimu, na Coletha pia, Mtanzania wa ghorofa ya chini.

Ni mimi, ningojaye jibu ambalo halijapitiwa na mtu,
Goreth

Nyongeza: Asubuhi hii Coletha ameniambia kwamba Jumamosi atasimulia Salvator alivyokuwa akikoroma kanisani. Nimemwomba aniletee kwanza maneno yake niyapitie. Nimebadilisha neno moja tu. Salvator hakukoroma, alikuwa akiitikia. Mumkumbuke hivyo.