Kamati ya Kinga Asilia ya Kuku

Wewe unayekatiza kwenye matenga ya kuku pale Kariakoo umeziba pua, macho kwenye simu: nakuona. Ulipita hivyohivyo siku sisi wauza kuku tulipofunguliwa ukurasa mpya wa historia.

Tangazo lilisomwa kwa spika mbili. Imeundwa Kamati ya Kinga Asilia ya Kuku. Dawa ya minyoo ni marufuku, kwa kuwa inamdekeza kuku na kuingilia mafunzo ya utumbo wake. Dawa zetu zote zikakusanywa kwenye sanduku la Kamati.

Nilifurahi. Mimi sisahau mambo. Naikumbuka Kamati ya Utulivu wa Majogoo, iliyopanga zamu za kuwika. Hii angalau ilikuwa na sayansi.

"Utumbo wa kuku una walinzi," alifafanua Mwenyekiti, Mheshimiwa Theophil. "Wanamtambua mnyoo: huyu anakula tu, hazalishi. Utumbo unatoa ute, unasukuma, mnyoo huyo nje! Dawa ya nini?"

"Hao walinzi nao wanataka kula, mheshimiwa," alisema Bi Salma, anayelea wajukuu kwa tenga moja la kuku. "Wangu wamekonda. Na vifaranga ndiyo kabisa, hata huyo mnyoo hawajamjua bado. Nirudishie dawa yangu."

"Wako mafunzoni, mama."

"Watatu wamehitimu leo asubuhi. Tumewazika."

Kila Jumamosi Kamati ilichukua sampuli ya kupima kinga: kuku mmoja kila tenga. Utaratibu ulikuwa wa kitaalamu. Mjumbe anabinya kidari, anapuliza manyoya, anaondoka na aliyenona, maana huyo kinga yake imefaulu. Wagonjwa wanaachwa waendelee na masomo. Maabara ilikuwa nyuma ya ofisi yao na ilinukia ndimu na pilipili.

Jumamosi iliyopita Bi Salma alikuwa amebakiwa na mtetea mmoja tu wa maana.

"Shikamoo mama," alisema Theophil, mkono ukiwa tayari ndani ya tenga.

"Marahaba. Toa mkono, leo nakupima wewe." Akambinya kifuani, akampuliza shati. "Jamani, huyu kanona! Idrisa, hebu njoo upime."

Idrisa, mnyonyoaji wetu, akabinya kwa mikono yake yenye manyoya, akatoa taarifa: "Hajawahi kutaga."

"Basi tumemtambua," alisema Bi Salma.

Hakuna aliyempiga mtu. Tulifuata mwongozo wa Kamati neno kwa neno. Idrisa akamwaga maji ya kunyonyolea sakafuni. Huo ukawa ute. Soko zima tukabanana bega kwa bega, tukasukuma polepole, mpaka Mwenyekiti, wajumbe na spika zao wakatokea barabarani. Sanduku la dawa likabaki kwetu.

"Mmevunja agizo!" alifoka Theophil, manyoya mdomoni.

"Tumevunja nini?" alijibu Bi Salma. "Hatujatumia dawa yoyote, mheshimiwa. Hii ni kinga asilia."

Jumamosi hii wanarudi na mgambo. Mtetea wa Bi Salma bado yumo tengani, ndiyo kwanza amekunywa dawa. Na kinga ya watu wachache hailindi kitu. Toa mkono puani, weka hiyo simu mfukoni, njoo usimame mlangoni pamoja nasi. Unasubiri nini? Inuka!