Malalamiko Kuhusu Mjukuu Wangu Kufundishwa Kusikiliza

Kwa Mkurugenzi,
Mafunzo ya Watafiti Chipukizi Kuwa Viongozi wa Fani Mchanganyiko,
Jengo jipya, ghorofa ya pili, mlango uliobandikwa vikaratasi vya rangi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUOMBA MJUKUU WANGU ARUDISHWE ALIVYOKUWA

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana si ya kusomwa mtu amesimama. Mimi ni fundi cherehani mstaafu. Shule niliacha darasa la nne kwa makubaliano kati yangu na mwalimu, ingawa yeye ndiye aliyekubali zaidi. Nina mjukuu hapo kwenu, yule mwembamba wa mbu. Nilimsomesha kwa cherehani ya miguu ili ajue kitu kimoja, na akijue mpaka mbu wenyewe waje kumwomba ushauri. Akakijua. Ndipo ninyi mkamchukua miezi sita, mkasema mnamfanya kiongozi wa utafiti wa fani mchanganyiko. Sikupinga. Nilidhani kiongozi ni mtu wa kupewa kiti.

Malalamiko yangu nimeyapa namba ili usije ukasema hukuyaona.

1. Mmemfundisha kusikiliza. Hili ndilo zito, ndiyo maana limetangulia. Miaka hamsini na miwili nimeongea ndani ya nyumba yangu bila mtu kunisikiliza, na nilishazoea. Mtu asiyesikilizwa yuko huru, Ndugu Mkurugenzi; husema atakalo na hapotoshi mtu. Nilishasema kwamba niliwahi kumshonea mfalme suti, mke wangu akaendelea kuchambua mchele, na hakuna aliyeumia. Leo nikikohoa tu, mjukuu anageuka: "Babu, ulikuwa unasema?" Na kalamu iko mkononi.

2. Wote watano mmewafundisha kuongoza, hata mmoja hamkumfundisha kufuata. Walikuja kwangu mwezi uliopita: yeye wa mbu, mmoja wa udongo, mmoja wa ramani, dada wa uchumi na kaka wa mambo ya jamii. Mlangoni kila mmoja alimpisha mwenzake, kwa kuwa eti kiongozi mwema hutanguliza watu. Wakapishana mpaka mke wangu akadhani wana ugomvi. Mwishowe aliyetangulia ni paka. Chai ilipoletwa, walijadili kwanza nani awezeshe birika.

3. Wanabadilishana kazi. Wa ramani ndiye anayewahoji wazee, na wa uchumi ndiye anayeshika kichupa cha kunasia mbu. Wanaita huko kuvuka mipaka ya fani. Mimi karakana yangu ilikuwa na mtu wa kola na mtu wa mikono. Siku niliyowabadilisha tulitoa shati ambalo ukilivaa unaonekana umekamatwa. Basi na huyo dada wa uchumi alikaa uani kwangu asubuhi nzima, akanasa mbu mmoja, akamtazama, akamwachia aende zake. Akasema sampuli ya mmoja haina maana.

4. Hapa naomba ufunge mlango. Siku hiyohiyo waliyokuja, nilikuwa nimevaa shati upande wa ndani ukiwa nje. Mimi! Niliyeshona nusu ya mashati ya mtaa huu! Ni macho, Ndugu Mkurugenzi. Nayo yamestaafu, tena bila kunipa taarifa. Kaka wa mambo ya jamii akaniuliza kwa heshima zake zote, "Samahani Babu, naona mishono iko nje. Ina maana yoyote?" Mtu mwenye akili zake angenicheka, nikafoka, tukayamaliza. Yeye akauliza maana. Aibu ikanipanda, ulimi ukateleza. Nikamwambia kwamba mbu wa mtaa huu wanaogopa mishono. Mbu akiuona uzi hudhani ni utando wa buibui, anakata kona. Nikaongeza kwamba wazee wetu wote walivaa hivyo msimu wa mvua. Kisha nikatulia ningoje kicheko. Hakikuja. Kalamu tano ziliinama kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mtama.

5. Wakaenda kuhakikisha. Ndivyo mlivyowafundisha, na ndipo mlipotumaliza. Waliuliza kaya arobaini kama habari ile ni ya kweli, na thelathini na moja zikasema ndiyo. Fundi viatu alisema marehemu baba yake alizikwa na shati lake limegeuzwa. Marehemu namjua sana. Tangu nimfahamu hakuwa na shati. Kinyozi naye aliapa kwamba tangu aligeuze lake, chandarua amekikunja kabisa. Hilo lilinikata maini. Nilimwendea mbio na fimbo yangu: "We mwanaharamu, unataka kuniulia wale watoto wako?" Akanitazama kwa huruma, mkasi hewani. "Chandarua kipo palepale, mzee wangu. Lakini we unadhani ningekuumbua mbele ya wageni?" Haya, kinyozi ana akili. Je, na wale thelathini wengine? Tangu siku hiyo nikitoka nje naona mishono tu. Mtaa mzima umekuwa kama umevaa gizani.

6. Sasa uongo wangu umeingia kwenye andiko lao la utafiti. Alhamisi mjukuu wangu anasimama mbele ya jopo lenu, mara yake ya kwanza akiwa kiongozi. Mkimkubali, anapewa kundi lake na kazi ya miaka mitatu. Mkimkataa, anarudi kuosha vichupa vya utafiti wa watu wengine. Andiko lenyewe sijalisoma. Liko kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye majina ya vitambaa. Lakini ukurasa wa kumi na moja nimeuona kwa macho haya mabovu. Nipo pale pichani, na mishono yangu yote. Alinionyesha mwenyewe akitabasamu, nami nikasema picha imetoka vizuri.

Utaniuliza kwa nini simwambii. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alitoa daftari. Mara ya pili akaniambia, "Sema tu Babu, hakuna jibu lisilo na maana." Sasa hapo mtu uanzie wapi? Mtoto huyu nimemshonea kila kitu tangu nepi, na sikuwahi kumkosea kipimo. Safari hii nimemshonea aibu, na nahofia itamkaa sawasawa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kubanwa. Ukurasa wa kumi na moja uchomolewe kimyakimya kabla ya Alhamisi. Mkiulizwa, semeni ni panya. Iwekwe sheria kwamba mtafiti chipukizi haruhusiwi kumsikiliza mtu aliyevuka miaka sabini bila kibali cha mke wa mtu huyo. Kaka wa mambo ya jamii apelekwe mahali akafundishwe kucheka. Na mwakani muanzishe mafunzo ya wafuasi chipukizi, maana viongozi sasa wametosha, wanapishana milangoni. Mkikosa wanafunzi, mimi nina wakwe wawili wasio na kazi ambao hawajawahi kuongoza hata mbuzi.

Nisalimie katibu wako, na huyo anayebandika vikaratasi ukutani, na zaidi yao mama wa usafi anayevibandua kila jioni, kwani nadhani ndiye pekee hapo anayejua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi. Mke wangu naye anasalimu. Hajui ninachoandika; nimemwambia naandika wosia, akafurahi.

Ni mimi, katika masikitiko na miwani ya kuazima,
Babu wa Yule wa Mbu

Baada ya kutia sahihi: Mjukuu ameingia nikiwa natafuta bahasha, akaichukua barua kabla sijaikalia. Ameisoma yote akiwa amesimama. Kisha akaufungua ukurasa wa kumi na moja, akanitafsiria neno kwa neno. Chini ya picha yangu pameandikwa hivi: "Mzee huyu alitudanganya kwa aibu, na majirani thelathini na mmoja wakatudanganya kwa kumheshimu. Mtaa huohuo ulipoulizwa mwaka jana kama unalala ndani ya chandarua, karibu kila nyumba ilisema ndiyo."



Kumbe hilo ndilo swali analotaka kuwaletea Alhamisi, yaani homa ya mtaa huu ina ukubwa gani kama sote tunawajibu watafiti kwa adabu? Anasema mtu wa mbu peke yake hawezi kulijibu, na mtu wa maswali peke yake ameshadanganywa tayari, tena na mimi. "Babu, mimi nilijua tangu naingia," akaniambia, "lebo ya shati ilikuwa inakuning'inia shingoni." Wenzake aliwaacha wagundue wenyewe. Imewachukua wiki tatu, na aliyegundua wa kwanza ni dada wa uchumi.

Kwa hiyo futa namba moja mpaka sita. Nilitaka kuichana barua hii, akaninyang'anya. Anasema inakuja kwenu kama ilivyo, ni kiambatisho cha tatu. Ameshanipa na fomu ya ridhaa. Imeandikwa kwamba naweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu na bila kuchukiwa na mtu. Miaka hamsini na miwili ya ndoa sijawahi kupewa nafasi ya namna hiyo. Nimesaini, na sijitoi.