Chai Nyepesi Kabla Sijafa

Jumatatu, 4 Machi
Tangu nipooze upande mmoja, chai yangu hutiwa unga wa kuifanya nzito kama gundi. Nyepesi, wanasema, itaniingia mapafuni. Daktari kashanidokeza kwamba siku zangu si nyingi. Sawa. Ila sifi na gundi kooni.

Aliyeamuru haya ni Msimamizi wa matabibu wa usemi na umezaji. Kazi nilimfundisha mimi! Leo kaja na mwanagenzi, binti mpole. Ijumaa binti atanipima kumeza, naye Msimamizi atampima binti. Nikajitolea kusaidia usimamizi. Akasema, "Mwalimu, safari hii wewe ni mgonjwa." Mgonjwa, mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimemvizia binti akiwa peke yake. Nikamnong'oneza kwamba Msimamizi hapendi wanagenzi waoga: anipitishe mimi, naye atapita. Akasema, "Ahsante sana, babu." Akaongeza unga kijiko kizima.

Alhamisi, 7 Machi
Jirani wa kitanda kasinzia, chupa yake ya chai iko wazi. Nikajimiminia. Raha ya dunia. Sikukohoa hata kidogo, nikajiona bingwa. Binti akaingia, akaniomba niseme "aaa". Sauti ikatoka na majimaji, kama bomba lililoziba. Nikasingizia mafua.

"Mafua gani haya, babu, yananukia tangawizi?"

Kusikiliza sauti baada ya kumeza, kama ina majimaji ya kinywaji kilichobaki kooni, nilimfundisha Msimamizi mimi mwenyewe. Nani alinituma?

Ijumaa, 8 Machi
Vijiko viwili vya chai nyepesi, "aaa", basi. Binti akasema sijafaulu. Msimamizi akamuuliza kama ana hakika. Binti akababaika. Akirudi nyuma tu, chai yangu hiyo! Msimamizi hakumsaidia, akamwachia nafasi ya kufikiri. Hata hilo nilimfundisha mimi. Binti akavuta pumzi, akaeleza kila kitu, pamoja na wizi wa jana. Amefaulu. Nikajikuta nampigia makofi kwa mkono mmoja, pajani.

Jumamosi, 9 Machi
Mke wangu kasema, "Baba watoto, tubu, usife na ukorofi." Nimetubu kwa dhati: nilitaka kumharibia binti wa watu kazi kwa ajili ya kikombe cha chai. Moyo mweupe.

Jumatatu anakuja mwanagenzi mwingine, hatujawahi kuonana. Nimemwagiza mke wangu alete suti na tai. Nikikalishwa kitini vizuri, mgeni atajuaje nani mgonjwa? Zoezi lake la kwanza: kumletea mwalimu chai.