Chafya za Mwalimu Nyamoita

Mogire wa Kiogoro alikuwa na macho ya kuona mbao pale ambapo wengine waliona kivuli tu. Asubuhi moja ya Januari, akipanda kilima cha Nyanchwa, aliona misaiprasi minne minene ikimwaga vumbi la manjano kila upepo ulipovuma. Kando ya miti hiyo, kwenye baraza, mama mmoja alikuwa akipiga chafya hadi kuku wakatawanyika.

Mungu akikuwekea miti na mgonjwa mahali pamoja, Mogire aliwaza, kupita bila kusimama ni utovu wa shukrani.

Akavaa koti jeupe alilolibeba kwa dharura kama hizi, akabisha hodi.

"Pole, mama. Hiyo si homa. Ni chavua."

"Mwanangu, chavua naijua, nimeifundisha mpaka nikastaafu," alisema Mwalimu Nyamoita, akifuta macho yaliyovimba. "Silali, siimbi kwaya, hata chai siisikii harufu."

"Basi dawa ni msumeno. Sisi wa Idara ya Pua tunakata bure, tunabeba bure. Mbao zenyewe ni sumu, hatukuachii hata moja."

Machozi yalimtiririka Mwalimu. Ya chafya au ya furaha, ni yeye aliyejua.

"Basi fanya haraka. Mzee yuko Kebirigo, kule Nyamira, kwa majani chai yake, atarudi Ijumaa. Hiyo miti anaipenda kuliko watu."

"Wazee ndivyo walivyo," Mogire alicheka. "Tutakuwa tumemaliza."

Akamwendea Owiti, mwenye msumeno wa injini, akamwekea simu yake rehani. Msumeno ukanguruma. Mogire mwenyewe alivuta magogo, akapanga mbao, huku vumbi la manjano likimjaa puani hadi naye akaanza: chya! chya! Nyamoita aliwaletea chai na ndizi za kuchemsha, akitabasamu kama bibi harusi.

Ijumaa mchana, lori likiwa bado linasubiriwa, mzee mfupi mwenye kofia alisimama langoni, mdomo wazi. Mogire akamkimbilia.

"Shikamoo, mzee! Idara ya Pua imekusaidia. Sasa mkeo atapumua!"

"Mke wangu yuko Kebirigo," alisema mzee. "Huyu ni jirani. Miti ni yangu."

Owiti alitia mfukoni ile simu ya rehani, akabeba msumeno wake, akatoweka.

"Nilimwomba Mzee Obwocha huyu akate matawi tu," Nyamoita alisema barazani, kwa sauti safi kama kengele. "Akaniambia ninunue hankachifu."

"Mwalimu! Ukamwambia miti ni yako?" mzee alifoka.

"Hakuuliza."

Obwocha alizizunguka mbao, akazipapasa. Ghafla akaangua kicheko.

"Zimepasuliwa vizuri. Na mimi nilikuwa natafuta mbao za nyumba ya kijana wangu! Haya, bwana Idara, chagua: nimwite chifu, au uzibebe zote mpaka ghalani kwangu."

Mogire alibeba, akipiga chafya kila hatua. Kabla jua halijatua na Sabato kuingia, alikuwa akishuka kilima, pua ikiwaka kama imepakwa pilipili, Obwocha alipomwita kwa sauti ya upole:

"Kijana! Kebirigo nina mingine minane. Idara yenu inafika Nyamira?"

Wanaokaa Nyanchwa wanasema hawajawahi kuona koti jeupe likikimbia vile.